Siku moja maishani mwangu: gauni la kiangazi, yadi 6 za kitenge na cherehani ya miguu

Saa 12:30 asubuhi

Kitenge kimekauka kwenye kamba, nakipiga pasi kabla joto la Dar halijaanza. Nilikifua jana, kwa sababu kitenge kipya kina wanga wa kiwandani na kikikutana na maji mara ya kwanza husinyaa. Yadi 6 ni karibu mita 5.5, leo nimepima nikapata mita 5.36. Hizo sentimita zilikuwa zipotee mwilini mwa mteja. Heri zimepotea kwenye beseni langu.

Kazi ya leo ni moja: gauni lisilo na mikono, shingo ya V, bitana kifuani, zipu mgongoni, na sketi ya matabaka matatu ya marinda. Paterni, yaani michoro ya vipande vya gauni ya kukatia, mteja kainunua mwenyewe mtandaoni kwa mbunifu wa Ulaya anayechora na kuuza peke yake. Kinachokuja ni faili la PDF. Kwenye maelezo imeandikwa linamfaa anayeanza, saa nne tu. Mteja aliposoma alidhani litakuwa tayari saa nne asubuhi.

Saa 2 asubuhi

Steshenari. Faili lina kurasa 28, lakini kwenye ramani ya kurasa nimeona sehemu ya kifua, mgongo na mifuko imeishia ukurasa wa 12. Zilizobaki ni mistatili ya sketi, na mstatili haununuliwi karatasi, unapimwa kwa futi kamba moja kwa moja kwenye kitambaa. Nikamwambia kijana achape 1 hadi 12. Kachapa zote 28.

Hilo lingevumilika. Kwenye ukurasa wa kwanza wa paterni yoyote ya namna hii kuna mraba wa kupimia, na huu ulitakiwa uwe sm 10 kila upande. Nikaweka rula: 9.6. Programu ya kompyuta ikiachwa ijiamulie hupunguza mchoro ili utoshee ndani ya kingo za A4. Lazima uchague ukubwa halisi, asilimia 100. "Dada, ni ile ile tu, hata haionekani." Haionekani kwenye karatasi, ndiyo. Gauni lililopangwa kifua sm 104 likishashonwa lingetoka karibu sm 100. Mbunifu ameweka sm 8 za mwili kupumua, printa imekula nusu. Tumechapa upya kurasa 12, mraba ukatoka 10 kamili, na zile 28 zimebaki za kufungia maandazi.

Kwa asiyetaka kubandika, wanaochapa ramani za nyumba wana mashine ya karatasi kubwa, na mbunifu huweka faili la A0 kwa ajili hiyo. Kwa kurasa 12 sioni haja ya nauli.

Saa 3:15

Kubandika. Nakata ukingo wa kulia na wa chini tu wa kila karatasi, napandisha duara la alama juu ya mwenzake, selotepu. Mstari wa kuungia ukikosewa milimita 1 na kipande cha mbele kikapita maungio mawili, hiyo ni milimita 2 kwenye nusu, 4 kwenye mbele nzima.

Saa 4 asubuhi

Hapa ndipo watu hudhani fundi anachezea karatasi. Paterni nyingi hizi huchorwa kwa mwili ambao kipimo cha kifua juu ya matiti na kipimo kamili, kinachopita kwenye ncha za matiti, vinapishana sm 5 hivi. Mteja wangu juu ana 90, kamili ana 100. Ukimchagulia saizi kwa kufuata 100, matiti yatatosha lakini mabega yatamporomoka na shingo itapwaya. Kwa hiyo nafuata cha juu: 90 na 5 ni 95, saizi ya karibu ni 42 yenye kifua sm 96. Zinabaki sm 4 za kuongeza, na kwa kuwa kipande cha karatasi ni nusu ya mbele, naongeza sm 2.

Naweka nukta pale ncha ya titi inapokaa. Kutoka hapo nachora mstari hadi kiunoni, sambamba na katikati ya mbele. Wa pili unapanda hadi kwenye tundu la kwapa, theluthi ya chini. Wa tatu unapita katikati ya dati ya ubavuni, ule mkunjo unaoshonwa ili kifua kikae. Wa kwanza na wa pili nakata mfululizo, ila kwapani naacha nyuzi ya karatasi milimita 1 ibaki kama bawaba. Wa tatu nakata kutoka ubavuni, nao naacha umeshikilia kwenye nukta. Kisha nafungua mpaka ule mstari wa kiunoni uachane sm 2 juu hadi chini. Dati inajipanua yenyewe bila kuombwa. Upande wa katikati unabaki mfupi, nao naukata mlalo na kuushusha hadi usawa. Ncha ya dati mpya naisimamisha sm 3 kabla ya nukta. Ukiipeleka hadi kwenye nukta yenyewe, gauni linachomoza kama koni.

Uzuri wa njia hii ni kwamba kiuno nacho kimeongezeka sm 4, kutoka 78 hadi 82. Kiuno cha mteja ni 82. Siku nyingine hazinipi zawadi hiyo.

Saa 5:30

Kukata. Kitenge kina ndege wakubwa wanaotazama juu, kwa hiyo hakuna kipande kinachoruhusiwa kugeuzwa kichwa chini ili kubana nafasi. Ndege mzima akitua juu ya titi moja, watu hawataona kingine, hivyo mmoja nimemweka katikati, chini ya V.

Mbunifu alipanga kwa kitambaa cha upana wa sm 140. Changu kina 112. Vipande vya sketi vinaongezeka na maungio yanaongezeka. Tabaka la kwanza mzunguko wa sm 145, la pili vipande viwili vya upana mzima, yaani sm 218 baada ya kuunga, la tatu vitatu na nusu, sm 380. Mikanda hii nachana kwa mkono. Kitenge kikichanwa hufuata uzi, hakifuati picha, na hapa picha imepinda kama sm 1 kutoka ukingo hadi ukingo. Kwenye marinda hakuna atakayeiona. Bitana ni poplini nyeupe, na inakatwa kwa kipande kile kile kilichorekebishwa. Ukisahau na kukata kwa cha zamani, nje itakuwa na kifua na ndani haitakuwa nacho.

Saa 7 mchana

Sindano namba 14, mpya. Sindano butu kwenye kitenge inasikika, inatoa mlio wa kudunda na kuvuta nyuzi.

Kwanza mshono mmoja kuzunguka shingo, sm 1.2 kutoka ukingoni, kutoka begani kushuka hadi V kila upande, maana hapo kitambaa kimekatwa hanamu na kinavutika ukikishika tu. Kwenye ncha ya V nagandisha kipande kidogo cha stifu, kitambaa cha kukazia. Dati, mabega ya nje, mabega ya bitana, halafu uso kwa uso: shingo na makwapa yote mawili. Ziada ya mshono napunguza, sehemu zilizopinda nachanja hadi milimita 3 kutoka kwenye mshono. Pale kwenye V nachanja hadi milimita 1, la sivyo itakunjamana milele.

Mbavu haziguswi bado. Gauni linageuzwa kwa kuvuta kila upande wa mgongo kupitia tundu la bega, na hilo linawezekana tu mbavu na katikati ya mgongo vikiwa wazi. Ukishona mbavu kwanza utabaki na kitu kama mfuko usio na mdomo, ukae na kifumulio. Nikishageuza, nashona bitana pamoja na ziada yake, milimita 2 kutoka shingoni, isije ikachungulia nje. Ndipo mbavu, nje na bitana kwa mstari mmoja.

Simu: "Fundi, limeisha?" Bado, dada. "Sasa nimewaza, tukiweka mikono?" Dada, kwapa limeshashonwa na bitana. Akanitumia picha ya gauni hilo hilo lililoshonwa kwa reyoni, limelala mwilini kama maji. "Langu litaanguka hivi?" Halitaanguka. Pamba nzito ya kitenge husimama, reyoni humwagika, na hilo nilimwambia siku anakileta. Akamalizia kwa kuomba nilirushe faili kwenye kundi la shoga zake. Hapana. Yule mbunifu anakula kwa faili hilo kama mimi ninavyokula kwa cherehani.

Saa 9 na kitu

Umeme umekatika. Cherehani ya miguu haina habari, lakini ovaloki, mashine ya kumalizia kingo, imenyamaza na pasi inapoa. Na sasa ni zamu ya marinda.

Hesabu yake ndiyo hii. Kila tabaka linahitaji mistari miwili ya mshono mrefu kuliko yote unaotolewa na cherehani, mmoja milimita 6 kutoka ukingoni, mwingine milimita 12. Yote miwili inakaa ndani ya ziada ya sm 1.5, kwa sababu kitenge kikitobolewa mahali panapoonekana, matundu hubaki. 145, 218 na 380, mara mbili: karibu mita 15 za mshono ambao mwisho wake ni kujificha au kufumuliwa. Uzi wa juu naulegeza, kwenye bobini ya uzi wa chini naweka uzi imara wa rangi tofauti, huo ndio utakaovutwa. Sishoni mita 3.8 kwa mkupuo. Nakatisha kwenye kila maungio, maana uzi ukikatika katikati ya safari unarudi mwanzo.

Kisha kuvuta. Naligawa tabaka sehemu nane kwa pini, na ukingo unaolipokea nane, pini kwa pini. Unavuta nyuzi mbili za chini kwa pamoja, taratibu, unasukuma kitambaa kwa kidole gumba, unavuta, unasukuma. Kitenge hakitaki kukunjika, kinarudi. Ngozi ya kidole inaanza kuwaka kwenye robo ya pili. Marinda yakikaa sawa nashona upande wenye marinda ukiwa juu, ili nione rinda linalotaka kulala chini ya sindano kabla halijalala. Ukishona yakiwa chini utayaona ukigeuza, na utafumua. Pembeni mwa zipu, sm 2 za kwanza hazivutwi kabisa, vinginevyo meno ya zipu yatapambana na kitambaa cha mikunjo minne.

Nimewasha pasi ya mkaa. Kitambaa chenye unyevu juu, jivu lisidondoke kwenye poplini. Ziada ya mshono inalazwa kuelekea juu na ncha ya pasi tu. Ukipanda juu ya marinda umeyaua.

Tabaka la tatu lilipoingia sikuangalia tena saa. Adhana ya magharibi nakumbuka, na mgongo nakumbuka. Umeme ukarudi wakati fulani, ovaloki ikapita kila maungio kwa dakika chache kana kwamba haikukosekana mchana kutwa.

Usiku

Mteja kajaribu. Mabega yametulia, dati imesimama panapostahili, zipu imepanda kiunoni bila kukwama. Kajizungusha mara mbili akasema mbona limesimama hivi. Nimemwambia ndiyo kitenge, dada. Urefu kakubali.

Limebaki pindo: kunja sm 1, kunja tena sm 1, mzunguko wote, kwa sababu upindo mwembamba ndio unaoruhusu tabaka la chini kucheza. Tabaka lote limekatwa kwa uzi ulionyooka, halina haja ya kuning'inizwa usiku kucha kama sketi ya solo, ile ya duara. Mita 3.8 kwa miguu, polepole. Zikiwa zimebaki sm 15, bobini imeisha.