Solo za besi: zoezi la tatu

Kusi limeingia Malindi, hoteli kadhaa za ufukweni zimefunga kwa ajili ya msimu mbaya, na bendi yetu imebakiwa na kazi za mwisho wa wiki tu. Mfukoni ni balaa, ila kwa mradi huu ni neema. Bado naendelea na njia ileile: kujifunza solo za jazi kwa kuziandika mwenyewe kwenye karatasi, nota kwa nota, kisha kuzipiga kwenye gitaa la besi mpaka vidole vizizoee. Wapo wanaosema solo iliyoandikwa si solo, kwamba lazima itungwe papo hapo. Na waseme. Jukwaani muziki unakimbia, mtu hushika kilicho karibu na kidole. Mezani nina muda wa kuchagua.

Zoezi la tatu ni bluzi (blues) ya F, vipimo 12, kila kipimo mapigo manne. Nimejiwekea sharti kwamba kila kodi (nota kadhaa zinazolia pamoja, chord) inapobadilika, nota ya kwanza nitakayoigusa iwe ya tatu au ya saba ya kodi mpya, ukihesabu kuanzia nota inayoipa kodi jina. Sababu ni hii: saksafoni ikipiga solo, besi iko chini inamwonyesha msikilizaji tulipo. Besi yenyewe ikienda kupiga solo, sakafu imeondoka. Kwa hiyo kodi zote lazima zisikike ndani ya nota zangu chache, na zinazoitambulisha kodi zaidi ni hizo mbili.

Shika gitaa uone. Kodi ya F7 ina A, ya tatu, na E flati (E iliyoshushwa nusu hatua), ya saba. Weka A kwenye uzi wa G, nafasi ya 14, na E flati kwenye uzi wa D, nafasi ya 13. Sasa rudisha mkono nyuma nafasi moja tu: umepata A flati na D, yaani ya saba na ya tatu ya B flati 7. Kodi imebadilika na mkono haujasafiri. Nilipoliona hilo nilikaa nalo jioni nzima, huku na huko, 14 na 13, 13 na 12. Vipimo vinne vya kwanza vya zoezi vimejengwa juu ya hatua hiyo. Chini kwenye uzi wa E nimepaepuka, maana spika yangu ndogo huko hutoa mngurumo tu.

Sharti la pili limetoka kwa mzee wetu wa kinanda, mtu wa taarabu tangu ujana. Alisikiliza zoezi la pili hadi mwisho, akavua miwani.

“Mwanangu, huyu mwimbaji wako amekata roho kipimo cha tano. Mbona humpi pumzi?”

“Besi haina pumzi, mzee.”

“Anayesikiliza anayo.”

Basi hili la tatu nimeliandika huku nikiliimba. Pale pumzi ilipoisha, nimeweka kimya, hata kama mkono ulikuwa na hamu ya kuendelea. Vipimo vya saba na nane sasa vina nota tatu tu, na navipenda kuliko vyote.

Mwendo wa swingi, ule wa kubembea wa jazi, haujanisumbua kama nilivyotarajia. Kwa kasi ya wastani, pigo la swingi hugawika karibu katika tatu, na sisi tuliokua na chakacha za harusi, tatu tunazo masikioni. Kasi ikipanda mgawanyo huo hunyooka, na hapo chakacha haisaidii tena.

Wa kusikiliza ni Jimmy Blanton, aliyeingia bendi ya Duke Ellington mwaka 1939 na kuifanya besi izungumze mbele ya bendi, akafariki 1942 akiwa na miaka 23 tu. Halafu mpiga besi mwingine, Paul Chambers, ambaye sentensi zake zinatembea kama za mpiga tarumbeta. Namsikiliza yeye zaidi, hasa anapoanzia sentensi, kwa sababu ni nadra kuwa pale ninapotarajia.

Metronomu, kifaa cha kugonga mapigo, iko 112, ikigonga pigo la pili na la nne pekee. Nyuzi zimeanza kushika kutu kwa hewa ya chumvi; nitazibadilisha hoteli zikifunguliwa. Zoezi la nne litakuwa bluzi hiyohiyo, ila vipimo vinne vya mwisho nitaviacha vitupu kwenye karatasi. Mzee amekubali kunishikia kodi.