Kona ya tabianchi kwenye makumbusho: kazi ilipofikia

Pazia la joto limeshatundikwa. Wazo ni la Ed Hawkins, mwanasayansi wa tabianchi wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, aliyeitoa michoro yake mwaka 2018: kila mwaka una mstari wake, bluu ukiwa baridi kuliko wastani, nyekundu ukiwa na joto zaidi, bila namba yoyote. Hapa mistari ni vitambaa. Kila kimoja hukatwa sentimita 4, mishono ikala 1 kila upande, kwa hiyo miaka 60 hutoka mita 1.2. Takwimu ni za kituo cha hali ya hewa kilicho jirani, si wastani wa dunia. Watu husogea karibu wakijua ni kwao. Kabla ya kukata, uliza kama kituo kiliwahi kuhamishwa, maana kuhama peke yake kunaweza kurusha joto juu au chini. Mwaka usio na takwimu hupewa kijivu. Usikisie. Tena pazia likae mbali na dirisha: jua hupausha nyekundu, na miaka ya joto kali ikaanza kuonekana ya kawaida!

Kipimamvua kipo uani, mikononi mwa wanafunzi. Faneli ina kipenyo cha milimita 200 na mrija wa ndani 63, eneo dogo mara kumi, ndiyo maana milimita 1 ya mvua husimama sentimita 1 na hata mtoto huisoma. Ukingo umenyooshwa kwa pimamaji, na umbali hadi ukuta au mti ni angalau mara mbili ya urefu wake. Kinachoharibu zaidi ni daftari, si chombo. Siku kavu iandikwe 0, kwani nafasi tupu maana yake hakuna aliyesoma. Jumapili ikirukwa, kipimo cha Jumatatu ni cha siku mbili. Kiandikwe hivyo hivyo, kisigawanywe.

Picha za zamani ndizo zinazoleta watu wengi. Huskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi, mwenyewe akasaini fomu ya ruhusa na kuondoka na picha yake siku hiyohiyo. Kuirudia picha kunahitaji kusimama palepale: tafuta kitu cha karibu na cha mbali vinavyokutana pichani, mathalani pembe ya paa na kilele cha mlima, kisha sogea hadi vikutane tena. Mwezi nao uwe uleule. Mto wa kiangazi ukiwekwa kando ya mto wa masika, umeonyesha msimu tu.

Wazee wakisimulia, swali la "mwaka gani?" halizai kitu. Uliza mtoto yupi alikuwa ameshazaliwa, au kama daraja lilikuwa limejengwa. Mwaka utajitokeza, ndipo ulinganishwe na takwimu za mvua.

Kila simulizi hubandikwa kadi ya sababu: mvua na joto, matumizi ya ardhi, ujenzi. Kadi hii ina ubishi, na ibaki nao. Mafuriko yaliyoingia kwa sababu mtaro umeziba taka hayawezi kusukumiwa tabianchi peke yake, na makumbusho yakifanya hivyo, anayeujua ule mtaro hatawaamini hata kwenye pazia.

Kinachofuata ni kadi za maandishi makubwa, na kiti cha kukalia wanaosimulia.