Pilipili ikikunja majani, usiulize tu ni kirusi gani, uliza ni vingapi

Huku kwetu Malindi, hasa mashamba ya kando ya Mto Sabaki, mtu akiona pilipili kichaa zake zimekunja majani, mbio duka la dawa, apewa ya wadudu, apulize, na baada ya wiki mche uko vile vile, umedumaa, jani la juu limesinyaa na lina mabaka ya manjano. Hii kitu yaniuma sana jamani, manake dawa ya kutibu virusi ndani ya mmea haipo.

Na tatizo si kirusi kimoja. Mche mmoja waweza kubeba viwili au vitatu pamoja na kwa macho huwezi kuvitenganisha. Haya ni majina ya virusi kwa kifupi: CMV na PVY huletwa na vidukari, TSWV huletwa na thripsi, wale begomo (kundi zima la virusi) huja na inzi weupe, na PMMoV haingoji mdudu kabisa, yapita kwa mbegu, kwa mikono, kwa kisu cha kukatia. Sasa ukipima kimoja tu ukaambiwa hakuna, warudi shamba ukijua mche ni mzima kumbe kirusi chenyewe kilichomo hakikupimwa! CMV ikikutana na PVY ndo balaa, mche huumia kuliko ukiwa na kimoja.

Ndo maana mimi naipenda PCR ya pamoja, yaani kipimo cha maabara kinachonakili vinasaba vya virusi kadhaa kwa mara moja hadi vionekane. Kichupa ni kimoja lakini watia praima (vipande vifupi vya DNA, kila jozi yatafuta kirusi chake) za virusi kadhaa, kila jozi imepangiwa kipande cha urefu wake, afu kwenye jeli, inayotenganisha vipande kwa urefu, waangalia mistari: safu ya jani moja ikitoa mistari miwili ya urefu tofauti, basi hapo kuna virusi viwili. Vinasaba vya virusi vingi vya pilipili ni RNA, na PCR hunakili DNA, kwa hiyo lazima kwanza igeuzwe DNA, begomo wao ni DNA tayari. Ila praima hugombania, kirusi kilicho kichache chaweza kumezwa na kilicho kingi, kwa hivyo jibu la "hakuna" kwa mche unaoumwa wazi lipimwe tena kimoja kimoja, hapo msikubali kuharakishwa.

Jibu labadilisha kazi ya shamba kweli. Kidukari hupitisha CMV kwa kudonoa sekunde chache tu, kabla dawa haijamuua kazi ashaimaliza, kwa hiyo bora kung'oa miche migonjwa mapema na kufunika kitalu kwa neti. Ikiwa ni PMMoV neti haisaidii kitu, hapo ni mbegu safi, na mikono na visu vioshwe kwa sabuni.

Wa kupeleka sampuli, chukueni majani machanga ya juu, ya miche inayoumwa na ya ile inayoonekana mizima pia, kila mche na mfuko wake wenye alama, mtie kwenye kibaridi chenye barafu. Jua letu la saa saba huliharibu jani kabla halijafika maabara.