Siku Moja Maishani Mwangu: Kuchagua Msumeno wa Meza

Saa 1:00 asubuhi. Nimefungua karakana. Leo nina makabati mawili ya plaiwudi ya milimita 18, na pia nataka kumaliza ubishi wa muda mrefu: ninunue msumeno gani wa meza, yaani ule ambao bledi yake, diski yenye meno, hutokeza katikati ya meza? Kwa sasa napasua kwa msumeno wa mkono, nikiuburuza kando ya ubao ulionyooka niliobana kwa klampu. Kazi inakwenda, ila kila kipande kinapimwa upya na kubanwa upya, na vipande vya upana mmoja hutofautiana kwa nusu milimita hivi. Ukifunga mlango wa kabati, hiyo nusu milimita inakuumbua.

Saa 2:30. Shiti ya plaiwudi iko sakafuni, milimita 1220 kwa 2440. Kuipasua katikati unahitaji milimita 610 kati ya bledi na mwongozo, ule upau wa pembeni ambao mbao hutambaa nao. Msumeno mmoja ninaoufikiria, DeWalt DWE7485 wa bledi ya inchi 8¼, mwongozo wake unafika inchi 24.5, yaani milimita 622. Inapita chupuchupu. Kaka yake, DWE7491RS wa inchi 10, unafika inchi 32.5, kama milimita 825. Watu hubishana kuhusu nguvu za mota, lakini mota iwe ya punda au ya tembo, mwongozo usipofika 610 shiti haipiti.

Saa 5:00. Nimekwenda kwa fundi mwenzangu aliyenitangulia kazini. Ana misumeno miwili ya kampuni tofauti. Nilianza kuinama nitazame mota, akanizuia. "Kijana, chomoa waya kwanza, halafu shika mwongozo."

Jino moja la bledi tulilitia alama ya kalamu. Tukafunga mwongozo, tukapima kwa rula ya chuma kutoka jino hilo lilipo mbele, tukaizungusha bledi kwa mkono hadi jino lilelile likafika nyuma, tukapima tena. Kwenye msumeno wa kwanza vipimo vilikuwa sawa. Tukaufungua mwongozo, tukausogeza, tukaufunga: sawa tena. Wa pili, kila ukifungwa, ncha ya nyuma ilivutwa kuelekea bledi. Hapo ndipo pabaya. Mbao inabanwa kati ya mwongozo na meno ya nyuma yanayopanda, meno yanaiinua na kuirusha kwa aliyesimama mbele. Ndiyo maana kuna kile kisu kinachosimama nyuma ya bledi na kupanda na kushuka nayo: kinazuia mbao isijifunge. Kisu hicho lazima kiwe chembamba kuliko njia inayokatwa na meno, na kinene kuliko mwili wa bledi, kwa hiyo ukinunua bledi nyembamba soma unene ulioandikwa kwenye kisu. Wengi hukivua siku ya kwanza na kukitupa kwenye droo. Siwaelewi.

Saa 7:00 mchana. Chakula, na miguu juu kidogo.

Saa 8:00. Vitabu vya maelekezo. Misumeno ya kubebeka ina mota za makaboni, yale mabonge madogo yanayopitisha umeme na kuchakaa: nyepesi, zina kelele, na makaboni yakiisha unabadilisha mwenyewe. Mikubwa ya kusimama sakafuni, ya meza ya chuma cha kusubu, ina mota za induksheni, zisizo na makaboni: kimya, nzito, zinavuta mbao ngumu bila kulalamika. Nafasi yangu haitoshi kwa hiyo.

Kisha SawStop, msumeno wa meza wenye breki ya kuokoa vidole. Breki hiyo aliibuni Stephen Gass mwaka 1999: bledi ikigusa nyama, umeme mdogo uliomo kwenye bledi hubadilika, na kipande cha alumini kinarushwa kwenye meno na kuisimamisha kwa takriban milisekunde 5. Baada ya hapo breki inabadilishwa, na kwa kawaida bledi nayo imekwisha. Mbao mbichi sana inaweza kuifyatua pia. Ningekuwa na wanagenzi, nisingetazama kingine chochote. Vidole ni vidole.

Jambo jingine: namba ya modeli haitoshi. DWE7485 ya Marekani ni ya volti 120 na tundu la bledi la inchi ⅝. Ya Ulaya ni ya volti 230 na tundu la milimita 30. Ukiagiza kutoka mbali bila kuuliza, utabaki na bledi zisizoingia.

Saa 10:00 jioni. Narudi kwenye makabati. Nikiwa nageuza shiti peke yangu nimeona wazi kwamba shiti nzima sitaipandisha juu ya kimeza kidogo hata mwongozo ufike wapi. Itaning'inia, itapinda, itabana. Nitaendelea kuigawa sakafuni kwa msumeno wa mkono, nikiacha milimita chache, kisha nimalizie mezani kwa upana kamili. Basi zile milimita 825 za DWE7491RS si hoja tena kwangu.

Saa 12:00. Nimeamua: DWE7485. Ule uliopima sawa kwa fundi ulikuwa huo, na kina chake cha kukata cha takriban milimita 65 kinanitosha, maana sipasui kitu kinene kuliko milimita 50. Nitaongeza bledi mbili, ya meno 24 ya kupasua kwa urefu wa nyuzi na ya meno mengi kwa plaiwudi, na nitaunda meza ya kupokelea mbao nyuma yake kwa mabaki ya shiti ya leo. Yametosha, nimeshayapima.