Yule mtoto aliyekuwa anakimbia kengele

Tulimnunulia kila kitu. Shati jeupe, kaptula ya bluu, makaye (madaftari) manane, kalamu, viatu vya plastiki, hadi sabuni ya kufulia tulituma, na bado shuleni hakai.

Mimi niko huku Louisville, Kentucky, yeye yuko kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu mkoa wa Kigoma, Tanzania. Sisi tuko watu kumi na wawili, wote tumekulia kambini, tuna grupu yetu ya WhatsApp na kila mwisho wa mwezi kila mtu anatoa alichojaliwa, mwenye dola ishirini atoe, mwenye kumi atoe, alafu tunamtumia kwa simu mama mmoja aliyebaki kule kwenye zoni yetu ya zamani, yeye ndo anajua nyumba gani kuna watoto wanalelewa na bibi tu na nyumba gani mtoto wa miaka kumi na tatu ndo mkubwa wa nyumba.

Sasa huyu kijana wetu, ana kama miaka tisa hivi, alikuja kutoka upande wa Fizi, mashariki mwa Kongo, na shangazi yake. Mama akatuambia asubuhi anaamka vizuri, anabeba makaye yake, anafika shule, kengele ikigonga tu anakimbia. Wanamkuta huko nyuma ya vyoo au kwenye vichaka. Kwenye grupu wengine wakasema huyu hataki shule, nafasi yake apewe mwingine, na mimi kwa kweli karibu nikubali manake pesa yenyewe tunaitafuta usiku kwenye maghala, inauma.

Mama ndo alikataa. Alitutumia sauti ndefu kama dakika sita, akasema nyie mmesahau kengele ya shule ni nini? Ni rimu ya gari imetundikwa kwenye mti inagongwa na chuma. Na kwetu usiku watu wenye bunduki wakiingia kijijini watu wanafanya nini? Wanagonga masufuria. Nyumba ya kwanza inagonga, ya pili inapokea, mpaka kijiji kizima kiamke kikimbie. Basi huyo mtoto anasikia chuma anafanya kile alichofundishwa, anakimbia.

Nilikaa kwenye gari pale paking nikashindwa kuwasha.

Manake mimi mwenyewe nilitoka hivyo hivyo. 1998 vita ya pili ya Kongo ilivyoanza nilikuwa na miaka minane, na mwisho wa mwaka ule watu wengi wakauawa kijiji cha Makobola, mtu yeyote wa Fizi ukimtajia hilo jina ananyamaza kwanza. Tulivuka ziwa Tanganyika usiku kwa mtumbwi, tukafikia Kigoma, tukapelekwa kambi ya Lugufu, na Lugufu ilipofungwa 2009 tukahamishiwa Nyarugusu ambayo ilikuwepo tangu 1996. Nimekuja Amerika 2016. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza unalala vipi. Ila kulikuwa na mwalimu mmoja pale Lugufu, kila asubuhi kabla ya somo anaita jina la kila mtoto, polepole, anakuangalia mpaka uitikie, na kama haupo anamtuma mtoto mwenzako nyumbani akuulizie. Tulikuwa wengi sana kwenye ile kalasi na alikuwa anamaliza majina yote. Nilikuwa naenda shule kwa ajili ya kuitwa, Kifaransa chenyewe nilikuwa sikielewi.

Hapo ndo nilianza kuelewa Mama anataka nini. Yeye sio daktari, alipitia mafunzo ya siku chache tu kwenye zile sehemu za kuchezea watoto za mashirika, wakafundishwa mtu aliyepata mshtuko kwanza mtazame, alafu msikilize, alafu muunganishe na watu wake na msaada anaohitaji. Hawakufundishwa kumchimba mtoto maswali. Kwa hiyo hakumuuliza yule kijana chochote kuhusu kwao. Alienda naye shule mapema kabla watoto wengine hawajafika, wakakaa chini ya ule mti, wakala mihogo. Kesho yake tena. Siku nyingine akamwambia shika rimu, ni baridi eeh? Akaongea na mwalimu, mwalimu naye mungu ambariki ana watoto mpaka dirishani lakini alikubali, akawa anamwambia kijana nusu saa kabla, sasa hivi nitagonga, na nikigonga wewe simama na mimi hapa. Ilichukua wiki nyingi sana. Alafu siku moja mwalimu akampa kile chuma akagonga mwenyewe.

Watu wanaotaka kusaidia watoto wa mbali naomba wasikie hii sehemu. Sare na daftari ni rahisi kununua na zinapigwa picha vizuri. Mtu wa kukaa chini ya mti wiki nane hapigwi picha, na yeye naye anakula. Walimu wa kambini ni wakimbizi kama wale watoto, wanalipwa kile wanaita insentivu, pesa ndogo ambayo haifanani na kazi. Kwa hiyo siku hizi pesa yetu tumepanga upya, ya kwanza kabisa ni ya Mama, kila mwezi bila kukosa hata kama tumekusanya kidogo, ya pili ni unga wa uji manake posho ya chakula kambini imepunguzwa na mtoto mwenye njaa hata ukimwimbia hakusikii, makaye yanakuja ya tatu. Kuna wenzetu wawili walitoka kwenye grupu kwa sababu ya huo mpango. Sikuwafurahia ila sijabadili mawazo.

Na kuna kitu kingine nakisema kwa uchungu. Walishawahi kuja watu wa kusaidia, siwataji, wakawapanga watoto mbele ya kamera mmoja mmoja, haya tuambie baba alikufaje. Mtoto anasema, wanamwambia rudia kidogo sauti haikutoka vizuri. Yule binti aliyerudia mara tatu alikojoa kitandani mwezi mzima baada ya hapo, na ana miaka kumi na moja. Sisi tumeweka sharti, hakuna video ya mtoto anasimulia, hakuna picha ya uso, ukitaka kutoa toa, ukitaka ushahidi tutakuonyesha uji.

Jumamosi Mama anawakusanya kwenye mkeka. Wanachora, wanacheza mpira wa makaratasi, wanatengeneza magari ya waya, wanaimba. Anawaongelesha Kibembe, lugha ya kwetu Fizi, wale wa kwetu, na Kiswahili wakichanganyika. Hii ya lugha ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Watoto wa Kongo pale kambini wanasoma programu ya Kongo kwa Kifaransa, na mitihani yenyewe ya kumaliza ni ya Kongo, kwa hiyo mtoto nyumbani anaongea Kibembe, kisimani Kiswahili, kalasi Kifaransa, na yale yaliyompata yalimpata kwa Kibembe. Sasa ukimletea mtu wa kumsikiliza kwa Kifaransa atakujibu tu oui, ndiyo.

Siku hizi wanakuja na watoto wa Kirundi wachache. Wao walianza kumiminika 2015, wakajazana pale Kagunga kando ya ziwa, kipindupindu kikaingia, wakavushwa na ile meli ya zamani ya Liemba mpaka Kigoma ndo wakaletwa Nyarugusu, na wengi walisomea chini ya miti manake madarasa hayakutosha. Hawa wadogo wa sasa wengi wamezaliwa hapo hapo kambini. Mama anasema hao ndo wanaosikiliza zaidi mazungumzo ya wakubwa, kurudishwa, kutorudishwa, wanalala na hayo.

Alafu mwaka 2025 ukaja. Tarehe 20 Januari Amerika ikasimamisha kupokea wakimbizi, na kule kambini kuna familia zilikuwa zimeshamaliza intavyuu, zimeshapimwa afya, zimegawa vyombo kwa majirani. Jiulize mtoto ameambiwa tunaondoka, ameaga rafiki zake, alafu asubuhi yuko pale pale. Mmoja aligoma kabisa kuandika Kifaransa, akasema yeye ni wa Kingereza sasa. Mwezi huo huo kule Kongo mji wa Goma ukachukuliwa na waasi wa M23, Februari Bukavu, Disemba Uvira, na Uvira ndo jirani yetu kabisa, kwa hiyo wakubwa wako kwenye redio na simu siku nzima, wanalia, na watoto wanawaangalia. Mama aliniambia yani ndugu yangu mwaka huu nimefundisha wamama zaidi ya watoto. Anawakalisha wale wamama anawaambia zimeni redio wakati wa kula, mshike mtoto mkono, mwambieni leo tuko hapa. Basi. Hana kitu kingine cha kuwapa, na nimeona kinasaidia.

Sijui niseme nini kwa yule binti wa Kingereza. Tumemtumia daftari moja la Kingereza na moja la Kifaransa, Mama kamwambia aandike barua kwa rafiki yake aliyewahi kuondoka, kwa lugha yoyote. Ameanza.

Jumamosi iliyopita nilitoka kazini saa kumi na moja alfajiri, kwao ilikuwa saa sita mchana. Mama amepata rimu yake ndogo kaitundika nyumbani kwake. Kabla sijafungua mlango wa gari nikapiga simu, nikasikia chuma kinagongwa mara tatu na vitoto vinapiga kelele vinakimbilia kwenye mkeka. Nikauliza nani kagonga. Akasema ni yule kijana wetu wa kengele, usiku mvua ilipiga mabati sana hakulala kabisa, lakini amekuja.