Maji ya Lukaya

Neno: 2 Samweli 23:13–17

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili tunayo Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Miaka mingi nimeiona sherehe yake pale Mnazi Mmoja: ngao na mkuki vinawekwa kwenye mnara, upinde na mishale pia, tarumbeta inalia, watu wanasimama kimya. Kisha kila mmoja anawahi daladala yake. Nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka Jumamosi iliyopita hapa Kimara, kwenye jumuiya.

Somo letu lilikuwa la Daudi pangoni Adulamu. Ana kiu, Wafilisti wameushika mji wake wa Bethlehemu, naye anasema laiti angepata maji ya kile kisima cha langoni. Hakumtuma mtu. Lakini mashujaa wake watatu walisikia, wakapenya katikati ya jeshi la adui, wakateka maji, wakamletea. Daudi akakataa kuyanywa. Akayamimina mbele za Bwana, akasema hawezi kunywa damu ya watu waliozihatarisha nafsi zao.

Tulipomaliza kusoma, mzee wetu mmoja, ambaye kwa kawaida huomba sala ya kufunga tu, alisema polepole: "Daudi aliyamimina. Mimi niliyanywa."

Mzee huyu alikuwa mgambo. Mwaka 1978 alikuwa kijana wa kiwanda cha nguo hapa Dar es Salaam, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera na kuvunja daraja la Kyaka. Anakumbuka redio iliyowekwa juu ya meza ya msimamizi, na sauti ya Mwalimu ikisema uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Alijiandikisha pamoja na rafiki yake waliyesimama naye kwenye mashine moja.

Machi 1979 walifika Lukaya, ndani ya Uganda, baada ya mji wa Masaka kutekwa. Barabara ya kwenda Kampala inapita pale katikati ya kinamasi, mafunjo huku na huku. Jioni ya tarehe 10 makombora yaliwashukia, kikosi chao kikarudi nyuma kwa fujo, kila mtu na roho yake. Usiku, wamelala kwenye tope, kiu ikawashika. Maji yalikuwa kila upande, lakini hayakunyweka kwa vitu vilivyokuwa vikielea humo. Rafiki yake akachukua chupa mbili za jeshi, akatambaa gizani kutafuta boma lenye kisima. Alikaa muda mrefu. Aliporudi alikuwa na chupa moja iliyojaa. Nyingine alisema imemponyoka. Akamwambia, "Kunywa, mimi nimeshakunywa kulekule."

Mzee alikunywa yote. Kulipopambazuka, jeshi letu liliposhambulia tena, rafiki yake alipigwa. Mzee alipomfungua shati akaona midomo yake imekauka na kupasuka, akajua hakuwa amekunywa hata tone.

Tulinyamaza. Mama mmoja alianza kulia. Mzee akaendelea, maana kumbe hakuwa amefika alipokuwa akienda. Alisema kando ya ile barabara aliona pia maiti za vijana wa Libya waliotumwa kumsaidia Amin, buti zao bado mpya, naye mpaka leo huwaombea na hao. Alisema Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili watu walicheza barabarani, yeye akakaa chini ya mwembe akiitazama ile chupa.

Walirudi nyumbani kwenye nchi ya kufunga mkanda. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni. Hilo hakulilalamikia. Kilichomuumiza ni kuona mali ya umma ikipita mlango wa nyuma huku watu wakiogopa kuuliza. Mwaka 1991, Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilipozunguka kukusanya maoni, alikwenda akasema anataka vyama vingi. Watu 80 katika kila 100 waliotoa maoni walitaka chama kiendelee kuwa kimoja. Yeye alikuwa katika wale 20. Wenzake aliopigana nao walimwambia amemsaliti Mwalimu, ingawa Mwalimu mwenyewe alikuwa ameshasema jambo hilo lizungumzwe. Hata Julai 1992 sheria ilipobadilika, wengine hawakumsalimia tena. "Sikukichukia chama," alisema. "Nilitaka mtu aweze kuuliza bila kutetemeka."

Ndivyo alivyo hata sasa. Mnaomfahamu mnajua habari ya kisima cha mtaa wetu: tulichanga, pampu ikafungwa, ikafa baada ya miezi michache, na mpaka leo mapato na matumizi hayajasomwa. Akina mama wanarudi kununua madumu. Kila mkutano mzee husimama na swali lilelile. Wengine humzomea. Mimi, Mungu anisamehe, ni mmoja wa waliomwendea nyumbani kwa upole na kumwambia, "Mzee, wewe ni mzee wa kanisa, siasa waachie wenyewe." Akaniuliza, "Mwanangu, wenyewe ni nani?" Sikuwa na jibu, nikaaga.

Jumamosi ndipo nilipoelewa. Zamani nikisoma habari hii nilimwona Daudi kama mtu asiye na shukrani: watu wamekaribia kufa kwa ajili yako, nawe unamwaga? Lakini Daudi alitazama ndani ya chombo akaona gharama. Alikuwa mfalme mtarajiwa, na maji yale yangeweza kuwa haki yake ya kwanza ya ukubwa. Alikataa kuufanya uhai wa watu kuwa kinywaji chake. Mzee wetu hakupata nafasi hiyo, aliyajua maji yake yakiwa yameshapita kooni. Kwa hiyo amekuwa akiyamimina kwa miaka yote hii kwa namna aliyoweza, kwenye mikutano, mbele ya watu wanaomcheka, kwa kukataa kitu cha wote kinywewe na wachache.

Nilimuuliza baada ya sala kama ile chupa bado anayo. Alisema iko chini ya kitanda, haijawahi kutiwa maji tena.

Jumapili hii, baada ya ibada ya pili, kuna mkutano wa mtaa. Mzee atakwenda. Magoti yanamsumbua na pale hakuna pa kukaa, kwa hiyo nimemwambia nitambebea kiti, nami nitasimama karibu yake atakapouliza.