Kamera moja lakini zinaonekana mbili: msikilize draiva anasema nini

Kuna mdau kaniuliza swali zuri sana. Kachomeka webkamu ya USB kwenye laptopu yake ya Linux, kafungua programu ya kurekodi akakuta kamera mbili zenye jina lile lile, akichagua ya kwanza picha safi kabisa, akichagua ya pili hakuna kitu, programu inalalamika tu. Akahisi kauziwa feki. Hapana ndugu yangu, kamera yako nzima, shida ni kwamba draiva, yaani programu ndogo inayoendesha kifaa, imesema ukweli wote ila programu imesikiliza nusu.

Ipo hivi. Programu haiongei na kifaa moja kwa moja, inafungua faili kama /dev/video0 halafu inatuma maombi kwa kerneli, yaani kiini cha Linux, kupitia wito unaoitwa ioctl, na ombi la kwanza kabisa kwa mambo ya video linaitwa VIDIOC_QUERYCAP, yaani "niambie wewe ni nani na unaweza nini". Draiva inajibu kwa kujaza jina lake (kwa webkamu nyingi za USB ni uvcvideo), jina la kamera, imechomekwa wapi, toleo la kerneli, halafu zinafuata namba mbili za biti 32 ambazo ndizo utamu wenyewe: capabilities na device_caps. Kila biti ni ndiyo au hapana (hiyo 0x ya mwanzo inaonyesha tu kwamba namba imeandikwa kwa heksadesimali). 0x00000001 maana yake hapa unapata video, 0x00800000 hapa unapata metadata, yaani taarifa kuhusu picha na siyo picha yenyewe, 0x04000000 unaweza kuvuta fremu (picha moja moja za video) kwa mtiririko kupitia bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu ya kuziweka kwa muda.

Sasa kwa nini namba hizo ziwe mbili? Kwa sababu kifaa kimoja kinaweza kuwa na mafaili kadhaa. Capabilities inataja uwezo wa kifaa kizima, device_caps inataja uwezo wa faili hilo ulilofungua tu. Ni kama kibao cha nje ya jengo kinachotaja ofisi zote zilizomo, halafu kila mlango una kibao chake. Na tangu kerneli 4.16 draiva ya uvcvideo inaongeza faili la pili kwa ajili ya metadata, mambo ya saa ya kila fremu na vichwa vya pakiti, ndiyo maana ukichomeka kamera moja unaona video0 na video1.

Jaribu kwako kwa v4l2-ctl, zana ya kuihoji draiva ya video: kwenye terminali andika v4l2-ctl -d /dev/video0 --all halafu rudia na video1. Kwenye webkamu ya kawaida utaona capabilities ni 0x84a00001 kote kote, haibadiliki. Ila device_caps ya video0 ni 0x04200001 na ya video1 ni 0x04a00000. Angalia tarakimu ya mwisho: ile 1 ya kurekodi video haipo kwenye video1. Draiva imeshasema wazi kabisa kwamba hapa hakuna picha! Programu ya mdau wetu ikasoma capabilities, ikaiona ile 1, ikaliweka faili la metadata kwenye orodha ya kamera. Kama unaandika programu, cheki kwanza kama capabilities ina 0x80000000, hiyo biti ndiyo inakuambia device_caps imejazwa, ikiwepo basi tumia device_caps na achana na ile nyingine.

Na usiishie hapo, maana biti inakuambia video ipo, haikuambii ya ukubwa gani. Kuna VIDIOC_ENUM_FMT kwa fomati, VIDIOC_ENUM_FRAMESIZES kwa ukubwa, VIDIOC_ENUM_FRAMEINTERVALS kwa kasi, unauliza moja moja mpaka draiva iseme zimeisha. Hapa watu wengi wanalaumu kamera bure. Unakuta 1280x720 kwa YUYV, fomati ya picha isiyobanwa, inatoa fremu 10 tu kwa sekunde wakati kwenye boksi wameandika 30. Piga hesabu: YUYV inakula baiti 2 kwa kila pikseli, kwa hiyo 720p kwa fremu 30 ni baiti milioni 55.3 kila sekunde, na USB 2.0 kwa aina ya usafirishaji inayotumiwa na webkamu nyingi inabeba kama milioni 24.6 tu. Ukishusha hadi fremu 10 inakuwa milioni 18.4, inapita. Na ukihamia MJPG, ambayo kamera inaibana picha kabla ya kutuma, zile 30 unazipata vizuri tu. Majibu yote haya draiva inayo, lazima uiulize.

Mimi naamini kabisa draiva inayodai uwezo isiokuwa nao ni mbaya kuliko draiva yenye uwezo mdogo, kwa sababu mwandishi wa programu ataanza kuweka viraka kwa jina la kifaa, kamera fulani fanya hivi, kamera fulani usifanye, na viraka hivyo haviishi. Kwa wanaoandika draiva za video kuna v4l2-compliance, inaihoji draiva yako na kulinganisha ilichodai na inachofanya, iendeshe kabla hujatuma kazi yako kwa yeyote.

Kwa mdau aliyeuliza: chagua video0 uendelee na kazi. Ila hiyo namba inaweza kubadilika ukichomeka kamera nyingine, kwa hiyo kwenye skripti zako tumia njia za ndani ya /dev/v4l/by-id/, ile inayoishia na video-index0 ndiyo yenye picha kwa webkamu yako.